Dawa Yenye Mteja Mmoja

Msikilizaji, kama kuna kijana anapita hapo karibu, mwite akae asikilize, maana jambo la leo linamhusu zaidi yeye kuliko babu yake, na nitaeleza kwa nini.

Leo nataka tuzungumzie dawa ambazo hununuliwa kwa mabilioni, zikafungiwa ghalani, na kila aliyezinunua anamwomba Mungu zisije zikahitajika. Ni dawa na chanjo za kutukinga na ugaidi wa kibaiolojia, yaani pale mtu anaposambaza ugonjwa kwa makusudi ili aue watu. Nina maswali mawili tu. Nani anazilipia dawa hizi? Na zikishapatikana, ni za nani? Yashike hayo mawili, kwa sababu nitayarudia.

Tuanzie Marekani, mwaka 2001. Wiki moja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kuna mtu alitia barua posta, na mwezi uliofuata akatia nyingine. Zilikwenda kwenye vyombo vya habari na kwa maseneta wawili, Tom Daschle na Patrick Leahy. Ndani ya bahasha mlikuwa na unga, na unga huo ulikuwa wa vijidudu vya kimeta. Wafugaji wa Ngorongoro na Monduli wanakijua kimeta. Ng'ombe anaanguka ghafla, damu inamtoka puani na haigandi, na bwana mifugo anakuja mbio kukataza mtu yeyote asiuguse ule mzoga. Ugonjwa ni huo huo, ila safari hii vijidudu vyake vilikuwa vimekaushwa vikawa unga mwembamba ambao mtu angeweza kuuvuta puani.

Zile barua za maseneta ziliandikwa kwa herufi kubwa kama mwandiko wa mtoto, na anwani ya mtumaji ilikuwa ya darasa la nne la shule ambayo haipo. Zilipopita kwenye mashine za posta za kuchambulia barua, mashine zilizibana bahasha, na unga ukapenya kwenye karatasi ukaruka hewani. Watu 5 walikufa, wengine 17 wakaugua. Wawili kati ya waliokufa walikuwa wafanyakazi wa posta jijini Washington. Hawakufungua barua ya mtu. Walikwenda kazini tu, kama wewe ulivyokwenda leo.

Dawa ya kimeta ilikuwepo, ni antibiotiki za kawaida. Watu kama elfu kumi walishauriwa kuzimeza kwa siku 60. Lakini serikali ya Marekani ilibaki na hofu. Je, mara nyingine isipokuwa kimeta? Je, ikiwa ni ndui?

Hapo, msikilizaji, ndipo namrudia yule kijana niliyekuambia umwite. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui umetokomezwa, na chanjo yake ikasimamishwa. Babu yako ana kovu la ile chanjo mkononi. Kijana hana. Hana kovu na hana kinga. Na virusi vya ndui havikuteketezwa vyote: vimehifadhiwa katika maabara mbili zinazotambulika rasmi, moja Atlanta, Marekani, nyingine Koltsovo, huko Siberia, Urusi. Kwa hiyo ugonjwa ambao dunia nzima ilijikomboa nao umegeuka kuwa silaha ya kuogopwa, kwa sababu hiyo hiyo ya kujikomboa.

Sasa utaniuliza, kama hatari inajulikana, si kampuni za dawa zitengeneze chanjo tu? Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo naomba twende polepole.

Chukua mfano wa fundi seremala. Unakwenda Keko, Dar es Salaam, unamwambia fundi: nitengenezee mlango wa mninga wa upana wa mita tano. Fundi anakuuliza, advansi iko wapi? Unamjibu, advansi hakuna, wewe tengeneza, ukimaliza nitakuja kuutazama, huenda nikauchukua. Fundi gani atagusa randa? Mbao ni zake, vibarua ni wake, na ukighairi, ule mlango hauna nyumba nyingine mjini itakayoutaka.

Kampuni ya dawa iko katika hali hiyo hiyo. Kutengeneza chanjo mpya huchukua miaka mingi na mamia ya mamilioni ya dola, na nyingi hufia njiani. Dawa ya kisukari ina wateja kila mtaa. Lakini chanjo ya ndui, ugonjwa ambao haupo, nani ataingia duka la dawa kuiulizia? Mteja ni mmoja tu, serikali. Na serikali hubadilika, leo ina hofu, kesho imesahau.

Marekani ikaamua kuwa mteja anayeaminika. Julai 2004 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoanzisha Mradi wa BioShield. Zilitengwa dola bilioni 5.6 za kutumika kwa miaka 10, na kazi yake ilikuwa moja: kuziambia kampuni kwamba tengenezeni, fedha ya kununulia ipo tayari. Umenipata? Walianza kwa kumtengeneza mteja, dawa ndiyo ikafuata.

Je, ilitosha? Haikutosha. Sheria ile iliahidi kununua, lakini malipo yalikuwa baada ya mzigo kufika. Ni yule yule fundi, safari hii ana hakika mlango utanunuliwa, ila bado hana senti ya mbao. Kampuni kubwa zikakaa pembeni. Novemba 2004 mkataba mkubwa wa kwanza ukaenda kwa kampuni ndogo ya California iitwayo VaxGen: dozi milioni 75 za chanjo mpya ya kimeta, kwa karibu dola milioni 880. Chanjo ikasumbua, ikawa haitulii inapohifadhiwa. Ratiba ikateleza, ikateleza tena, na Desemba 2006 serikali ikauvunja mkataba. Miaka miwili ilipotea bila hata dozi moja ya chanjo hiyo kuingia ghalani.

Mwezi huo huo ikaundwa taasisi nyingine ndani ya wizara yao ya afya, kwa kifupi BARDA. Hii ndiyo iliyoleta advansi. Inalipa hatua kwa hatua: majaribio ya kwanza ukiyavuka, chukua fungu hili, kiwanda ukikijenga, chukua hili. Ziliongezwa na sheria za kuwakinga watengenezaji na kesi dawa inapotolewa wakati wa dharura, na baadaye hati maalumu iliyoipa kampuni haki ya dawa yake nyingine kukaguliwa haraka, hati ambayo iliweza hata kuiuza kwa kampuni nyingine. Sitakaa sana hapo. Kinachonigusa mimi ni ile advansi, kwa sababu ndiyo iliyozaa dawa tunazozijua leo.

Kuna jambo lingine unaweza kujiuliza. Dawa ya ndui inajaribiwaje wakati hakuna mgonjwa wa ndui? Huwezi kumwambukiza mtu makusudi ili uone kama atapona. Basi mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikubali utaratibu wa pekee: usalama wa dawa utapimwa kwa binadamu wanaojitolea, lakini nguvu yake dhidi ya ugonjwa itapimwa kwa wanyama. Kwa njia hiyo mwaka 2018 iliidhinishwa dawa ya ndui iitwayo tecovirimat. Ilifanya vizuri kwa nyani na sungura. Serikali ilikwisha kuweka ghalani dozi za kutosha watu zaidi ya milioni moja. Nakuomba ukumbuke jina hilo, tecovirimat, tutakutana nalo tena hapa hapa kwa majirani zetu.

Sasa nisikupe picha ya kwamba huko kila kitu kilikwenda sawa. Fedha nyingi zikiwekwa mahali pamoja, zinaweza kuvuta upande mmoja. Kwa miaka mingi karibu nusu ya bajeti ya ghala lao la taifa ilikwenda kwenye chanjo za kimeta. Korona ilipoingia mwaka 2020, ghala hilo hilo likawa halina barakoa za kutosha wauguzi. Barakoa nyingi zilitumika wakati wa mafua ya mwaka 2009 na hazikurudishwa. Fikiria muuguzi wa New York, katika nchi tajiri kuliko zote, anavaa barakoa moja siku nzima. Waliogopa unga ndani ya bahasha, wakamsahau mgonjwa anayekohoa.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo haliwezi kuachwa. Uchunguzi wa zile barua za 2001 ulimwangukia mwanasayansi wa maabara ya jeshi la Marekani, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya chanjo ya kimeta. Alifariki mwaka 2008 kabla ya kufikishwa mahakamani, kwa hiyo kesi haikuwahi kusikilizwa. Lakini wachunguzi walisema chanzo ni ndani ya nyumba yenyewe ya kinga. Kwa hiyo kila serikali inayojenga maabara ya kushika vijidudu vikali, ikiwemo ya kwetu, lazima ijibu kwanza nani anaingia, nani anatoka, na nani anahesabu chupa.

Tuje nyumbani sasa. Pengine mtu anasema, mambo ya barua na maseneta yananihusu nini mimi niliyeko Kigali?

Yanakuhusu, na Kigali ndiyo mfano wangu mzuri kuliko yote. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg. Waliougua zaidi walikuwa wahudumu wa afya, wale wale waliompokea mgonjwa wa kwanza bila kujua ana nini. Marburg hauna chanjo iliyoidhinishwa. Lakini ilikuwepo chanjo ya majaribio, mikononi mwa taasisi ya Sabin ya Marekani, na fedha za kuifikisha hapo zilitoka BARDA tangu mwaka 2019. Kwa nini Marekani ilipe chanjo ya Marburg? Si kwa sababu ya Kigali. Ni kwa sababu Muungano wa Kisovieti uliwahi kukifanyia kazi kirusi hicho kama silaha, na Wamarekani wanahofia kuwa kuna mwingine atajaribu.

Sikiliza kilichotokea. Chini ya siku 10 tangu tangazo, dozi za kwanza kama 700 zilikuwa zimetua, na tarehe 6 Oktoba wahudumu wa afya walianza kuchanjwa. Zilikuja pia dawa ya remdesivir na kingamwili za majaribio. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye mashine za kupumulia walitolewa bomba wakapumua wenyewe, na Shirika la Afya Duniani likasema linaamini ni mara ya kwanza kwa wagonjwa wa Marburg barani Afrika. Mlipuko ulipokwisha, waliothibitishwa kuugua walikuwa 66, waliokufa 15. Ni vifo 15 vya kulia, lakini Marburg umezoea kuchukua nusu ya wagonjwa au zaidi. Mkoa wetu wa Kagera unaujua, uliuona Bukoba mwaka 2023 na Biharamulo mwaka 2025.

Siwezi kusimama hapa nikakuambia ni chanjo iliyookoa. Rwanda iligundua mapema, iliwafuatilia mapema waliokutana na wagonjwa, na ilikuwa na madaktari wa wagonjwa mahututi waliokesha. Chanjo iliikuta nchi iliyojiandaa. Hilo naomba ulisikie mara mbili: chanjo iliikuta nchi iliyojiandaa.

Tuvuke sasa mpaka, twende Kivu Kusini, mji wa wachimba dhahabu wa Kamituga. Hapo ndipo ilipoonekana aina mpya ya mpox, mwaka 2023, ikawaenea wachimbaji, wanawake wa baa, kisha watoto. Mpox ni ndugu wa ndui. Na chanjo ya ndui ya kizazi kipya, iliyotengenezwa Denmark na kampuni ya Bavarian Nordic kwa fedha nyingi za Mradi wa BioShield na BARDA, inakinga mpox pia. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa magonjwa yote mawili.

Basi Wakongo waliipata lini? Mtoto wa kwanza kujulikana kuwa na mpox alitoka Basankusu, Kongo, mwaka 1970. Mwaka 2022 ugonjwa ulipoenea Ulaya na Marekani, watu wa huko walichanjwa ndani ya wiki chache. Hata Wamarekani walikuta mamilioni ya dozi walizolipia zimeisha muda zikiwa ghalani, wakaanza na dozi kama 2,400 tu zilizokuwa tayari, lakini walikuwa na mkataba na kiwanda, wakaagiza. Kongo haikuwa na mkataba. Dozi za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, msaada kutoka Umoja wa Ulaya, na sindano ya kwanza ikachomwa Goma mwezi uliofuata. Hesabu mwenyewe, kutoka 1970 hadi 2024. Na zilipofika, hazikuwa zimeruhusiwa kwa watoto wadogo, ilhali watoto ndio waliokuwa wakifa zaidi.

Ile tecovirimat nayo? Ilipelekwa Kongo, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa mpox katika hospitali mbili, moja Tunda, mkoani Maniema, nyingine Kole, huko Sankuru. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024. Dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Iliyofanya vizuri kwa nyani haikufua dafu dhidi ya aina ya mpox iliyokuwa huko. Lakini katika jaribio lile lile kulikuwa na habari njema. Wagonjwa wote, waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa, walilazwa, wakala, wakanywa, wakatibiwa vidonda na maambukizi. Vifo vikawa asilimia 1.7, wakati kwa kawaida Kongo ni asilimia 3.6 au zaidi. Inaonekana kitanda, chakula na muuguzi vilipunguza vifo kwa nusu. Mabilioni ya BioShield hayakutengwa kwa ajili ya hivyo vitatu.

Sasa nirudi kwenye maswali yangu mawili. Nani analipa, na dawa ni za nani? Nadhani jibu umeshaliona. Aliyelipa ndiye aliyechagua ugonjwa gani utafutiwe dawa, kwa watu wa umri gani, na nani wa kwanza kwenye foleni. Simlaumu. Alilipa kuwalinda watu wake, na mabaki ya hofu yake yametufaa sisi pia. Wauguzi wa Kigali ni mashahidi. Lakini mabaki ya hofu ya mwenzio si mpango wa afya. Mwaka 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada la USAID, lile lile lililoipa Kongo dozi 50,000 za mpox. Agosti mwaka huo ikatangaza kusimamisha miradi 22 ya chanjo chini ya BARDA, yenye thamani ya karibu dola milioni 500. Hofu ya mwenzio imehamia kwingine, na wewe hukuulizwa.

Na sisi je, tunaogopa nini? Mimi naamini hofu yetu ya kwanza isiwe gaidi. Ni popo wa Kagera, ni panya na nyani wa msitu wa Kongo, ni mzoga wa ng'ombe mwenye kimeta unaochunwa kwa sababu nyumbani hakuna kitoweo. Lakini kinga ni ile ile. Maabara inayoweza kutambua Marburg kwa siku moja itautambua uliokuja na popo na ulioletwa na mtu. Mhudumu mwenye glavu atasalimika kwa vyote viwili. Mwenye mkataba wa chanjo ataletewa kwa vyote viwili. Kwa hiyo mtu asituambie hatuna fedha za kujikinga na ugaidi. Hatuombi ghala la kimeta. Tunaomba kinga ya magonjwa yaliyokwisha kutuua, na ile nyingine itakuja ndani yake.

Fundi wa Keko hatuwezi kumlipa nchi moja moja. Hilo ni kweli. Tanzania peke yake, au Burundi peke yake, haiwezi kuibeba chanjo ya Marburg mpaka mwisho. Lakini Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tuko katika jumuiya moja, tuna mipaka ya pamoja, na Marburg haiulizi pasipoti pale Rusumo. Nchi hizi zikiagiza pamoja, kwa mkataba wa miaka mingi na malipo ya mwanzo, tayari ni mteja. Mteja mdogo, lakini mteja. Anaweza kusema kwamba nataka ya watoto pia, na nataka isiyohitaji baridi kali kama ya maabara.

Kila mwezi Juni bajeti husomwa Dodoma, Nairobi na Kampala. Bajeti ijayo ikisomwa, msikilizaji, usisubiri bei ya bia na ya petroli tu. Mtafute mbunge wako, umuulize mambo matatu. Lipo fungu la dawa na chanjo za dharura, lenye jina lake na kiasi chake? Tumesaini mkataba gani na kiwanda gani kabla mlipuko haujaja? Na muuguzi wa zahanati yetu ana glavu na barakoa za wiki ngapi? Akikujibu, tuandikie hapa redioni jibu lake, nasi tutalisoma hewani kama lilivyo.